Kichupa cha Tano Kutoka Matuu

Mashine ilitoa namba ileile kwa mara ya tatu. Winfred akavua glavu, akaketi.

"Mara kumi na mbili," alisema.

"Mara kumi na mbili ya nini?" aliuliza Muema kutoka mlangoni, mdomo umejaa mandazi. Muema ndiye aliyepokea mizigo yote ya maabara hii ya Mavoko.

"Ya sabuni."

Usishtuke kusikia sabuni ndani ya dawa. Hii ya kuchoma sindano, ya watu wanaovimba viungo, imetengenezwa kwa protini, na protini zina tabia za ndugu wa ukoo mmoja kwenye harusi: ukiziacha, zitajikusanya kona moja na kazi haitafanyika. Basi kiwandani hutiwa chembe ya kitu cha jamii ya sabuni, ili kila moja ikae kivyake. Ikipungua, dawa huganda. Ikizidi, mgonjwa anaweza kudhurika. Winfred alilipwa kuipima chembe hiyo, na katika jengo lile hakuna aliyemfikia.

Ila mwezi uliopita yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi kwamba vichupa elfu tisa vya dawa hiyo viko sawa. Wagonjwa watano wa Matuu wakapewa viwili viwili: kimoja watumie, kingine kikae nyumbani mwezi mzima kisha kirudi kupimwa, ijulikane kama joto la huko Yatta linaharibu kitu. Vinne vilirudi na kipimo kizuri. Cha tano kilikuwa kinamtoa jasho.

Ndolo, mkuu wa maabara, aliingia akiwa ameshika karatasi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtia Winfred hofu zaidi.

"Madam, si nikungoje mpaka saa sita?" alisema. "Ikibaki hivi, naandika barua dawa yote irudishwe. Na jina lako lazima nilitaje. Pole sana."

Alipotoka, Winfred akaanza upya. Alichukua mirija mitano, mmoja kwa kila kichupa, akatia tindikali ili protini zigande azitupe, maana zikibaki huvuruga kipimo. Minne ikageuka nyeupe kama maziwa lala. Wa tano ukabaki mwangavu.

"Unaona?" alimwambia Muema. "Sabuni imezidi mpaka protini zimekataa kushikana. Wameharibu huko kiwandani, na mimi nikapitisha!"

Akatia ile rangi inayong'aa ikikutana na sabuni. Mrija wa tano ukawaka kama taa ya Krismasi. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Muema, wewe ndiye ulifungua vile vichupa ukamimina kwenye mirija. Vilikuwaje?"

"Sawa tu. Vingine vilikuwa na vumbi kidogo." Muema alifikiri huku akilamba vidole. "Cha tano ndicho kilikuwa kisafi kuliko vyote. Huyo mgonjwa ni mtu wa maana."

Saa tano na nusu Winfred akampigia Hidaya, muuguzi wa kliniki ya Matuu.

"Cha tano ni cha bibi mmoja, Susu Nthambi," alisema Hidaya. "Nilimwambia siku thelathini zikiisha arudishe kichupa kimoja, na alirudisha siku hiyohiyo. Wengine niliwafuata mpaka manyumbani. Hebu ongea naye, yuko hapa amekuja kupimwa presha."

Simu ikapokelewa na sauti kubwa, ya mtu asiyeamini kwamba simu yenyewe inatosha kufika Mavoko.

"Wewe ndiye mwenye dawa? Mungu akubariki! Vidole vyangu vimefunguka. Miaka mitatu sikushika uzi, lakini wiki hii nimemaliza kusuka kiondo. Niko na kingine nimeanza, ni chako!"

Winfred alifumba macho. Baada ya nusu saa barua ingeandikwa, na huyu mama angenyang'anywa dawa iliyomfungua vidole, kwa sababu ya sahihi yake yeye.

"Asante, Susu. Nimefurahi sana. Sasa nisaidie kitu kimoja. Kile kichupa ulichoturudishia, kuna mtu alikichezea?"

"Nani akichezee? Watoto wa kwangu wananijua."

"Kilikaa wapi? Karibu na moto? Juani?"

"Kabatini, pamoja na vikombe vya wageni."

"Hukutia chochote?"

Ndolo alikuwa amerudi na kusimama mlangoni, kalamu mfukoni. Muema aliacha kutafuna. Winfred akaweka simu juu ya meza na kufungua sauti ili wote wasikie.

"Susu, usiogope, sikulaumu. Niambie tu."

"Niogope nini, mwanangu? Kwani kilifika kikiwa kimemwagika?"

"Hapana, kilifika kimejaa."

"Haya! Dawa ilipokwisha nilikiosha na sabuni ya vyombo mpaka kikang'aa, nikakisuuza mara moja tu, unajua maji huku ni ya shida. Na kwetu hatumrudishii mtu chombo chake kitupu, kwa hivyo nikawajazia maji ya mvua, yale matamu. Kile kingine chenye dawa bado ninacho, nakiweka cha mwezi ujao."