Fundo la Unywele Mmoja

Sindano ilipita pembeni ya fundo kwa mara nyingine, na mama akauma mdomo asije akatukana.

"Nimekuchoma?"

"Hapana, mama. Endelea tu."

Binti alikuwa amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza kwenye magoti ya mama, kichwa amekiinamisha upande wa dirisha ili mwanga wa jioni usaidie. Nywele zake zilikuwa za kipilipili hasa, nyingi na nzito, na kila akitoka kazini zilirudi na mafundo. Si yale ya nywele kukamatana. Hayo chanuo linayamaliza. Haya yalikuwa ya unywele mmoja mmoja: umejizungusha wenyewe, ukajipitisha katikati, ukajikaza, ukabaki na kidonge kidogo kama punje ya mchanga.

Kulifungua moja ni kazi ya mtu asiye na haraka na maisha. Unatia tone la mafuta, unatafuta tundu kwa ncha ya sindano, unalipanua taratibu, unavuta. Ukifanya pupa, unywele unakatika. Mama alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, lakini kiharusi kilipompitia, mkono wa kulia ulibaki kama wa kuazima. Hospitali walimpa mpira wa kuminyaminya. Aliutupa chini ya kitanda siku ileile, akasema yeye si mtoto wa kuchezea mpira, na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Sasa vidole vilimuuma mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amechoka kweli, uchovu ule wa kuiona kazi ya kesho kabla ya leo haijaisha.

Jirani yao, msusi, aliingia kurudisha sufuria, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Nyie bado tu? Mwenzangu, hebu nipe mkasi. Napunguza ncha, namsuka, kesho hana fundo hata la dawa."

"Nikisukwa kichwa kinaniuma," binti akasema upesi.

"Ala! Kusukwa kunauma, kudungwa sindano kila siku hakuumi?" Msusi akacheka. "Na kutwa nzima umevaa kofia ya kiwanda cha mikate. Hayo mafundo yanaingilia wapi? Mama, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Mama akatia tone jingine la mafuta. Angemwambia nini? Binti alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, akawa mtu wa kutoka kazini na kujifungia chumbani. Salamu, mlango, kimya. Mama alimsikia akililia mto wake na hakujua aanzie wapi. Halafu mafundo yakaanza. Jioni moja binti alikuja mwenyewe, sindano mkononi, akakaa mkekani akasema, "Mama, nisaidie." Na humo, kati ya fundo na fundo, ulimi ukafunguka. Leo tanuri limetuunguzia mikate. Leo msimamizi kanuna tangu asubuhi. Leo nimemkumbuka yule mtu, mama, lakini kidogo tu.

Mkasi ungemaliza kazi mara moja. Halafu mlango ungefungwa tena. Ndiyo maana mama alimeza dawa ya maumivu kwa siri, na kila alipoulizwa akasema hajachoka.

Msusi alipoondoka, upepo wa baridi uliingia. Mama alijifunga kifungo cha juu cha gauni, akainua birika kwa mkono uleule wa kulia, akamimina chai katika vikombe viwili, akarudi kwenye kichwa. Binti alikuwa amelitazama birika mpaka likawekwa chini.

"Unatazama nini?"

"Chai, mama. Nina kiu."

Mafundo mawili yalikubali. La tatu likakataa katakata. Sindano ikamponyoka mama ikaanguka mkekani, na safari hii alitukana, tena kwa sauti.

"Basi, mwanangu. Maji yamenifika shingoni. Kesho tumwachie jirani akate."

Binti hakugeuka. Mabega yake yalikakamaa.

"Ukitaka, mama," akasema, na sauti ilikuwa imepungua.

Mama aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ile ya siku za kujifungia chumbani. Akainama, akapapasa mkekani, akaichukua sindano kwa ncha za vidole viwili.

"Nakutania. Mtoto gani hata utani hujui? Inamisha kichwa."

Binti aliinama, akashusha pumzi ndefu. Baada ya muda akaanza kusimulia habari za yule mwenzake aliyesahau kutia hamira, unga wa watu ukalala kama jiwe, na mama akacheka ingawa mkono ulikuwa unawaka moto. Walipomaliza lile la mwisho giza lilikuwa linaingia.

Kesho yake, kengele ya chakula ilipolia kiwandani, wenzake na binti walitoka wakimwita. Aliwaambia watangulie. Alibaki peke yake katika chumba cha kubadilishia nguo, akavua kofia, akakalia benchi, akafumba macho kidogo. Ngozi ya kichwa ilikuwa inamwasha na kumuuma. Laiti angeweza kunyoa zote, alale jioni moja tu kama watu.

Akapapasa nyuma ya sikio, akatenga unywele mmoja, akauzungusha kwenye ncha ya kidole, akaupitisha katikati, akauvuta. Kisha akatafuta mwingine. Haya ya leo aliyakaza zaidi, maana ya jana ule mkono uliokataa mpira uliyafungua upesi kuliko ya juzi.