Kofia ya Magoli Matatu

Haki ya Mungu hili ni kweli tupu. Anayebisha aende Kihesa akaulize.

Mwaka hamsini na sita Jailos alitoka Mbeya kwenda huko Kihesa kuposa kwa Mzee Kalinga, akaingia ndani na kofia kichwani.

"We kijana, kwenu hawavui kofia mbele ya wakwe?"

"Hii ni ya hetriki, baba. Ukifunga magoli matatu mechi moja, Mzungu anakuvika kofia yake. Ndiyo asili ya neno lenyewe. Mimi nilivikwa pale Mwanjelwa."

Mzee hakucheka. Alichukua mpira wa matambara wa wajukuu, akatoka uani, akasimama katikati ya mawe mawili.

"Haya, nifunge matatu. Ukishindwa, hakuna binti."

Akamtupia Jailos mpira, naye akautega mguuni. Akikosa, ni mwongo. Akimfunga mkwe, amemvunjia heshima mbele ya watu. Mlangoni Matilda, binti mwenyewe, alikuwa amejiziba mdomo.

Mguu ulinyanyuka, ukaganda hewani.

"Nilifunga moja tu, baba, na refa akalikataa. Kofia nimeinunua."

Akaivua, akamvika mzee kwa mikono miwili.

Mzee akapapasa ukingo wake taratibu.

"Matilda! Mletee huyu mwongo pombe ya ulanzi."