Plasta Kwenye Mkanda wa Mama

Kwenye mkanda wa video ambao fundi alikuwa akiuhamishia kwenye kompyuta, marehemu alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa aimbe, picha ikakatika, na skrini ikajaa katuni.

Binti alimgeukia mama yake wa kambo. "Nilijua tu! Umerekodi juu ya mama yangu. Enzi hizo tulikuwa watatu tu nyumbani, na baba asingethubutu."



Fundi aliutoa mkanda kwenye deki, akaugeuza. Kijino cha plastiki cha nyuma kilikuwa kimevunjwa, kama watu walivyofanya zamani ili mkanda usirekodiwe tena. Lakini mtu alikuwa ameliziba tundu kwa plasta ya kidonda ili mkanda urekodike tena, na juu ya plasta palikuwa na herufi za kalamu ya rangi, kubwakubwa, zimelala huku na huku kama za mtoto wa chekechea: KATUNI ZANGU MSIFUTE.



"Hebu nione, fundi," binti alisema, mkono ameshaunyoosha.

Mama wa kambo aliwahi. Aliudaka mkanda, akaifunika plasta kwa dole gumba.

"Ni mimi, mwanangu," alisema, na ukucha wake ukaanza kuibandua taratibu.