Asali ya Mavuno Mapya

"Bi Mize, mpake basi, anateseka!" dada wa mgonjwa alilia. Mkono wa kaka yake ulikuwa umebabuka kwa uji wa moto.

Bi Mize hakuwa mtu wa kupaka kidonda asali asiyoionja. Akachovya kidole kwenye bakuli la mavuno mapya, akalamba. Ulimi ukafa ganzi.

Akamgeukia mumewe, mwenye shamba la matikiti pembeni ya mizinga.

"Huwa unapiga dawa ya wadudu saa ngapi?"

"Asubuhi, maua yakiwa yamechanua. Si ndipo wadudu wanapojaa?"

"Na nyuki wangu je?"



"Bi Mize, asali yako imeponya mji mzima!" dada wa mgonjwa akasihi.

Tone la asali likamdondoka Bi Mize kidoleni. Sisimizi wakalikimbilia, wakasimama, wakalikwepa.

Mgonjwa akafumba macho, akaunyoosha mkono apakwe.