Mtu wa Chuma Hakupiga Hodi

Haya nilihadithiwa na wifi yangu Raya, mwaka juzi tukianika karafuu.

Zama hizo sinema zilizopotea zilifufuliwa kwa masimulizi: unaiambia mashine, nayo inachora ukutani, na ikishachora haifutiki, watoto wa kila nyumba wataiona. Zuwena wa Wete ndiye pekee aliyebaki na ile sinema bubu ya kale kichwani, ya mtu wa chuma anayekunywa vivuli vya watoto. Ila bibi yake aliyemsimulia alikuwa akikatiza pale zimwi hilo linapofika mlangoni kwa mtoto, kwa hiyo mwisho hakuujua.

Mchana ule mashine ilikuwa ikimngoja. Mjukuu wake Sabiha alijifunika kanga gubigubi.

"Bibi, ataingia?"

"Sijui, mke mwenzangu."

"Ataingiaje, na hajapiga hodi?"

Zuwena akacheka. "Na hodi ataipigaje, sinema yenyewe haina sauti!"

Akaiambia mashine vivyo hivyo. Ukutani, mtu wa chuma akafungua kinywa, lisitoke neno. Akaketi barazani kungoja. Sabiha akalala papo hapo.

Zuwena akamtazama yule mgeni, mvumilivu kupita kiasi, kisha akajilaza upande wa mlangoni.

"Karibu yetu huipati," akamnong'oneza, na usingizi ukamchukua.