Picha ya Jumba la Vioo

Micheline alikuwa amepiga picha moja tu ya jumba jipya la muziki la Bunia, upande wa mbele ulio vioo vitupu kutoka chini hadi kwenye paa lililopinda, ndipo askari akavuka barabara na kumnyang'anya kamera.

Mama yake hakuelewa. Yeye ndiye aliyemwagiza binti yake awape askari mgongo kabla ya kupiga chochote, na mgongo waliwapa.

Alisogea aone picha kwenye kamera, mkononi mwa askari. Jumba lilikuwemo katika picha, lakini ndani ya vioo vyake walisimama askari watatu, pamoja na kizuizi chao na bunduki kubwa juu ya mifuko ya mchanga. Mama akageuka. Vyote vilikuwa kule nyuma, ng'ambo ya barabara. Vimeingiaje mbele?

"Nani alikutuma kupiga bariyeri yetu?" askari aliuliza.

"Nilipiga tu hii nyumba, shefu. Picha ni ya masomo."

"Nyumba iko na bunduki?"

Mkono wa askari ulikuwa umeshashika kola ya blauzi ya Micheline, na kitufe cha juu kilikuwa kimekatika.

"Muache mutoto, baba," mama alisema. "Ni miye nilipiga. Yeye ananibebea tu kamera."

Askari alimtazama, kitenge hadi kandambili. Kisha akamwachia Micheline, akamnyooshea mama kamera.

"Sawa, mama. Piga ingine, tuone."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena, akitafuta upande wa kutazamia.