Pambano la Kuagana la Nyati na Kifaru

Enzi wanyama walipokuwa na ulingo wao, Nyati alikuwa bingwa wa mieleka. Miaka ishirini mashabiki walimjia kwa jambo moja: amwinue Kifaru mzimamzima, ambwage chali.

Siku ya pambano lake la kuagana ikafika. Kiuno hakikumtii tena, na siri hiyo hakumwambia hata mkewe.

“Mbebe! Mbebe!” uwanja ukavuma.

Nyati akamkumbatia Kifaru, akajikaza kumwinua. Mara Kifaru akapaa, mwepesi kama pamba, akaanguka puu!

Nyati akamwinamia, machozi yakimlengalenga. “Kaka, kumbe nguvu bado ninazo!”

“Unazo, bingwa,” akahema Kifaru, akisugua goti lake lililovimba. “Ni mimi niliyechoka kuruka.”